Kusafiri kwa treni India: mwongozo kwa msafiri anayetoka Dodoma

Watanzania wanaokwenda India kwa masomo, matibabu au biashara ni wengi, na wengi wao hufikiria ndege peke yake hadi wanapotua Mumbai, Delhi au Chennai na kukuta kwamba chuo au hospitali wanayoiendea iko kilomita nyingi kutoka hapo. Ndipo wanapoanza kutafuta habari za treni kwenye simu, na karibu kila maelezo wanayoyakuta yameandikwa na msafiri wa Ulaya, Marekani au Australia kwa ajili ya mwenzake. Maelezo hayo yana faida, lakini yamejengwa juu ya matarajio ya watu waliokulia kwingine: humtisha msomaji kwa mambo ambayo mtu wa Dodoma ameyazoea tangu utotoni, kisha huyapita upesi mambo ambayo ndiyo hasa yatakayomkwamisha. Mwongozo huu umeandikwa ili msafiri wa huku ajue lipi katika ushauri huo alichukue, lipi aliache, na lipi ajiandae nalo mwenyewe.

Picha mbili zinazomtangulia msafiri

Msafiri wa Magharibi huingia India akiwa na picha moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya treni ya kifalme, yenye vyumba vya mazulia, wahudumu wenye vilemba na madirisha yanayotazama ngome za Rajasthan. Treni za namna hiyo zipo kweli; Palace on Wheels ilianza mwaka 1982 na Maharajas' Express mwaka 2010. Hata hivyo, hizo ni hoteli za watalii zinazotembea juu ya reli, zenye bei ya hoteli za hadhi hiyo, na hazihusiani na safari ya mwananchi wa kawaida wa India. Picha ya pili ni ya umati wa watu waliokaa juu ya paa la behewa. Nyingi kati ya picha hizo zinazozunguka mitandaoni zilipigwa Bangladesh, ilhali nchini India kupanda juu ya paa la treni ni kosa chini ya Sheria ya Reli ya mwaka 1989. Isitoshe, karibu njia zote za reli pana za India sasa zina waya wa umeme wa volti 25,000 unaopita juu ya treni, sawa na ule unaoendesha SGR yetu, na yeyote aliyewahi kusikia tahadhari zinazotolewa kwa wakazi wa kando ya SGR anafahamu kwamba mtu hawezi kukaa chini ya waya wa namna hiyo akabaki salama.

Kati ya picha hizo mbili ndipo ilipo treni utakayoipanda. Shirika la reli la India ni la serikali, huendesha treni za abiria zaidi ya 13,000 kwa siku katika stesheni zaidi ya 7,000, na utaratibu wake wa madaraja, orodha na akiba za nafasi umejengeka kidogo kidogo tangu treni ya kwanza ya abiria ilipotoka Bori Bunder, Mumbai, kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Ugumu wa safari hauko katika msongamano wala uchafu ambao maelezo ya wageni huusisitiza. Uko katika kutoujua utaratibu huo kabla ya kununua tiketi.

Chagua daraja kwa kuufikiria usiku

Umbali wa India ni mkubwa, na safari nyingi za maana hupita usiku. Kutoka Mumbai hadi New Delhi ni kilomita zipatazo 1,380, na Rajdhani, ambayo ni miongoni mwa treni zenye kasi katika njia hiyo, huzimaliza kwa saa kumi na tano au kumi na sita. Kwa hiyo swali la kwanza ni kitanda utakacholalia.

Daraja ambalo ningempendekezea msafiri wa kwanza ni lile la vitanda vitatu lenye kiyoyozi, ambalo kwenye tiketi huandikwa 3A. Kila sehemu ya behewa ina vitanda sita vinavyotazamana, vitatu kila upande, na vingine viwili vilivyopangwa kando ya njia ya kupita. Shuka, mto na blanketi hutolewa. Daraja la 2A lina vitanda vinne badala ya sita katika kila sehemu, huwa na pazia, na utulivu wake ni mkubwa zaidi. Mgonjwa au mzee angefaa kusafiri humo ikiwa fedha zinaruhusu. Daraja la 1A lina vyumba vyenye mlango, nalo hupatikana katika baadhi ya treni tu.

Chini ya hayo kuna daraja la Sleeper, SL, ambalo mpangilio wake wa vitanda ni kama wa 3A lakini halina kiyoyozi wala matandiko, na madirisha yake yenye nondo hufunguliwa upepo uingie. Waandishi wengi wa Magharibi hulisifu daraja hilo, na wengine huenda mbali zaidi wakamshauri msomaji apande mabehewa yasiyo na nafasi za kuwekwa, wakiamini kwamba huko ndiko iliko India halisi. Sikubaliani nao. Familia iliyoketi ndani ya 3A ikila chapati na dengu ni India halisi vilevile, na mtu aliyebeba majalada ya hospitali au mizigo ya muhula mzima wa chuo hana sababu ya kusimama saa kumi katika behewa lililojaa ili apate cha kusimulia.

Suala la hali ya hewa linahitaji angalizo la pekee kwetu. Mkazi wa Dodoma hujihesabu kuwa mtu wa joto na ukame, na hivyo hudhani kwamba kiyoyozi ni anasa. Mji wetu, hata hivyo, uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana huisha jua linapozama. Katika nyanda za Kaskazini mwa India kati ya Aprili na Juni, joto la mchana hupita nyuzi 40 na chuma cha behewa hubaki na moto hadi usiku wa manane. Mwezi Desemba na Januari mambo hugeuka, na baridi inayopenya katika madirisha ya Sleeper ni kali kuliko ile ya Julai tunayoifahamu hapa. Anayechagua daraja hilo kwa sababu ya nauli, na nauli yake kweli ni chini ya nusu ya ile ya 3A, achague pia msimu, na abebe blanketi lake.

Kwa safari za mchana kuna mabehewa ya viti yenye kiyoyozi, hasa katika treni za Shatabdi zilizoanza mwaka 1988 na Vande Bharat zilizoanza mwaka 2019. Aliyezoea mchongoko wa SGR atajiona yuko nyumbani ndani ya Vande Bharat, ingawa kasi yake ya juu ya kilomita 160 kwa saa huruhusiwa katika sehemu chache tu za njia.

Kuwa na tiketi na kuwa na kitanda ni mambo mawili

Hapa ndipo msafiri wa Tanzania anapaswa kusoma polepole. Katika SGR, ukilipa umepata kiti chenye namba, na treni ikijaa mauzo hufungwa. India huendelea kuuza hata baada ya vitanda kwisha, kwa kuwa abiria wengi hughairi safari, na tiketi unayoshika inaweza kuwa na hali moja kati ya tatu. Ikiandikwa CNF, una kitanda chako na utaonyeshwa namba ya behewa na ya kitanda. Ikiandikwa RAC, una haki ya kupanda, lakini kitanda kimoja cha chini cha kando mmepewa watu wawili mkikalie kama viti, mpaka nafasi nyingine itakapopatikana. Ikiandikwa WL, uko kwenye orodha ya kungoja, na namba inayofuata huonyesha wangapi wamekutangulia.

Tiketi ya WL iliyonunuliwa mtandaoni, ikiwa haijapanda hadhi hadi orodha ya mwisho ya abiria inapotolewa saa kadhaa kabla ya safari, hufutwa yenyewe na fedha hurudishwa. Mwenye tiketi hiyo haruhusiwi kuingia katika mabehewa ya vitanda. Waandishi wa Magharibi hulieleza jambo hili kama kioja cha nchi ya mbali, kwa sababu wengi wao wanaweza kulala hotelini usiku mmoja zaidi na kununua tiketi ya ndege kesho yake. Kwa mgonjwa mwenye miadi ya daktari, au kwa mwanafunzi ambaye usajili unafungwa keshokutwa, kusafiri na WL ni kuihatarisha safari nzima. Nunua mapema, na usiondoke mbele ya dirisha la tiketi kabla hujasoma hali iliyoandikwa.

Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Hadi Oktoba 2024 zilikuwa siku 120, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayotaja miezi minne yamepitwa na wakati. Watalii wa kigeni wametengewa nafasi chache katika baadhi ya treni, ambazo huweza kununuliwa hadi siku 365 kabla kwa kuonyesha pasipoti na viza. Mauzo ya siku mpya huanza saa mbili asubuhi kwa saa za India, ambayo kwa Dodoma ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa kuwa India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kwenye njia zenye wateja wengi, nafasi za CNF huweza kumalizika mapema sana.

Tovuti rasmi ni ya IRCTC, na mgeni anaweza kufungua akaunti humo kwa namba ya simu ya nje ya India baada ya kulipa ada ndogo. Andika majina yako kama yalivyo katika pasipoti, kwa sababu mkagua tiketi ataiomba ndani ya treni na nakala haitoshi. Baada ya malipo utapewa PNR, namba ya tarakimu kumi ambayo kwayo utaangalia hali ya tiketi kila unapotaka. Ihifadhi, na mpe mtu wa nyumbani pia.

Utasoma sana kuhusu Tatkal, akiba ya dharura inayouzwa siku moja kabla ya safari, saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi na saa tano kwa yasiyo nacho. Wasafiri wa miaka iliyopita waliitegemea. Tangu Julai 2025, ununuzi wake mtandaoni unadai akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, namba ya utambulisho wanayopewa wakazi wa India, na mgeni asiyekuwa nayo asiipangie safari yake juu ya akiba hiyo.

Jijini Delhi, ndani ya stesheni ya New Delhi, iko ofisi ya tiketi ya watalii wa kigeni katika ghorofa ya kwanza. Nje yake huzunguka watu wanaowaambia wageni kwamba ofisi imefungwa, imehama au imeungua, ili wawapeleke kwa mawakala wao. Katika hili maelezo ya Wazungu yako sahihi kabisa na yafuatwe: endelea kutembea hadi uione ofisi kwa macho yako.

Stesheni, saa na tarehe

Mji mkubwa wa India hauna stesheni moja. Delhi ina New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar. Mumbai ina Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, Mumbai Central, Bandra Terminus na Lokmanya Tilak Terminus. Chennai ina Central na Egmore. Kutoka moja hadi nyingine inaweza kuwa saa nzima barabarani. Kila stesheni ina kifupi chake cha herufi, kama NDLS kwa New Delhi na MAS kwa Chennai Central, na kifupi hicho ndicho cha kumwonyesha dereva wa teksi au bajaji. Wagonjwa wanaokwenda hospitali ya CMC Vellore watafute Katpadi, KPD, ambayo ndiyo stesheni kubwa ya mji huo katika njia ya Chennai na Bengaluru, kilomita zipatazo 130 kutoka Chennai.

Ratiba huandikwa kwa saa 24 na siku hubadilika usiku wa manane. Treni iliyoandikwa 00:15 tarehe 12 huondoka saa sita na robo usiku wa kuamkia tarehe 12, maana yake uwe stesheni jioni ya tarehe 11. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana hatari mara mbili hapa, kwa kuwa 06:00 ya ratiba ni saa kumi na mbili yake, na ni vema aandike kando ya tiketi saa zote mbili kabla hajaondoka nyumbani.

Fika mapema kuliko unavyofika kwenye SGR, kwa sababu treni za India ni ndefu sana, nyingine zina mabehewa zaidi ya ishirini, na huenda la kwako likasimama mwisho wa jukwaa. Mbao za umeme juu ya jukwaa huonyesha mahali kila behewa litakaposimama: A kwa 2A, B kwa 3A, S kwa Sleeper, C kwa viti. Wapagazi wenye mashati mekundu na beji mkononi wamesajiliwa. Kubalianeni bei kabla mzigo haujainuliwa.

Ndani ya behewa

Kuna mambo ambayo mwandishi wa Magharibi huyatumia kurasa nyingi, nasi tunaweza kuyapita kwa mistari michache. Choo cha kuchuchumaa na maji ya kujisafishia si habari mpya kwetu, na karibu kila behewa huwa pia na cha kukalia. Chukua sabuni na karatasi zako. Wachuuzi wanaopita na chai ya maziwa, sambusa na karanga hawatamshangaza aliyewahi kupanda treni ya reli ya kati na kuona biashara inavyofanyika dirishani Gulwe au Saranda. Maswali ya jirani kuhusu umri, kazi, ndoa na idadi ya watoto, ambayo humfanya Mzungu ahisi kuingiliwa, huulizwa kwa nia ileile ambayo yangeulizwa kwenye basi la Singida. Jibu, kisha uulize na wewe. Wahindi humwita mtu wasiyemjua kaka, mjomba au shangazi kulingana na umri wake, na mgeni anayemwamkia mzee kwa heshima ya namna hiyo hupata msaada wa haraka.

Yanayohitaji kujifunza ni ya vitanda. Kitanda cha kati katika 3A na SL hufunguliwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi; nje ya saa hizo hukunjwa, na abiria wote hukaa kwenye kitanda cha chini. Mwenye kitanda cha chini, kwa hiyo, hawezi kulala mchana kutwa akiwanyima wenzake mahali pa kukaa, hata kama namba ni yake. Mgonjwa asiyeweza kukaa muda mrefu achague 2A, ambako hakuna kitanda cha kati. Wanawake wenye umri wa miaka 45 na zaidi, wanaume wa miaka 60 na zaidi, na wajawazito wametengewa vitanda vya chini, nao waombe nafasi hiyo wakati wa kununua tiketi.

Chini ya kitanda cha chini mna pete za chuma za kufungia mizigo. Nunua mnyororo na kufuli, ambavyo huuzwa kwenye majukwaa, ufunge sanduku lako kabla hujalala. Pasipoti, fedha na majalada ya hospitali vikae mwilini au chini ya mto.

Kuhusu chakula, desturi yetu ya kukaribishana ina mwenzake huko, na familia nyingi zitakukaribisha. Reli yenyewe, hata hivyo, huwaonya abiria wasipokee chakula au kinywaji kwa wasiowajua, kwa sababu wako wezi wanaotia dawa za usingizi. Njia ya heshima ni kushukuru na kusema umeshakula, na kupokea tu kinachotoka katika chungu ambacho wenyewe wanakila mbele yako. Vilevile wengi hawali nyama kabisa, na ng'ombe ana heshima ya kidini, hivyo nyama ya kukausha uliyofungiwa nyumbani isifunguliwe katikati ya abiria. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa. Yale ya reli yenyewe huitwa Rail Neer. Pombe na sigara haviruhusiwi.

Treni ikichelewa

Mzungu huandika kwa uchungu kuhusu kuchelewa. Sisi tuliokaa Dodoma tukisubiri treni kwa sababu mvua imeharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe tulikuwa na uvumilivu huo, lakini SGR, iliyofika kwetu Julai 2024, imeanza kutuzoesha vingine. Rajdhani, Shatabdi na Vande Bharat hupewa kipaumbele njiani na kwa kawaida hufika karibu na wakati; treni nyingine huzipisha. Kati ya Desemba na Januari ukungu wa Kaskazini huweza kuchelewesha hata zile bora kwa saa nyingi. Usipange ndege ya kurudi siku ileile utakayoshuka kwenye treni ya usiku, acha angalau siku moja katikati. Programu ya simu iitwayo NTES huonyesha mahali treni ilipo, na namba 139 ni ya msaada wa reli kwa maulizo, malalamiko na dharura, ikiwemo ya kiafya.

Kushuka

Katika stesheni za kati treni huweza kusimama dakika mbili tu, na ndani ya mabehewa ya vitanda usiku usitegemee kuamshwa na mtu. Weka kengele ya simu nusu saa kabla ya muda wa ratiba, kisha angalia kwenye NTES kama treni imechelewa kabla ya kukunja shuka. Fungua mnyororo wa mizigo, usogee mlangoni stesheni moja kabla ya yako, na usome ubao wa njano wa jukwaani, ambao huandikwa kwa lugha ya jimbo, Kihindi na Kiingereza. Anayeshuka Katpadi usiku na mgonjwa asikimbilie bajaji ya kwanza. Amwombe ndugu au nyumba ya wageni aliyokwisha kuilipia imtumie gari, na ampe msimamizi namba ya treni, behewa na kitanda tangu siku ya kuondoka.